Chafya ya mbwa mchezoni: inavyotoka na inavyosomwa

Chafya ya mchezo ni mpumuo mfupi wa nguvu ambao mbwa huutoa puani anapocheza au anapopandwa na furaha. Hutoka mara moja au mara kadhaa mfululizo, kichwa kikitupwa chini, pengine kidevu kikagonga mchanga. Haitanguliwi na mwasho wa pua, haiachi kamasi, na mbwa haachi alichokuwa akifanya. Kwa sifa hizo hutengana na chafya ya kawaida, ingawa kwa sikio la mtu aliyesimama mbali zote mbili ni mlio mmoja.

Pwani ya mashariki ya Unguja ni mahali pazuri pa kuitazama. Maji yakikupwa Jambiani au Paje, mchanga hubaki wazi kwa mwendo mrefu kuelekea mwambani, na mbwa wa kienyeji wenye manyoya mafupi hushuka kucheza. Mmoja hulaza miguu ya mbele chini na kuinua makalio. Mwenzake humrukia. Huzungukana, huumana shingoni bila kukaza meno, mmoja huanguka chali, kisha huachana. Katika nafasi hiyo ya kuachana ndipo chafya husikika, mara nyingi kutoka kwa yule aliyeinuka karibuni, naye huitoa huku amemwelekea mwenzake. Baada ya hapo mbio huanza upya.

Chafya ya kawaida ni kinga ya mwili. Vumbi, mbegu ya nyasi au mdudu akigusa utando wa ndani ya pua, neva za uso hupeleka habari kwenye shina la ubongo, na kutoka hapo amri hushuka hadi kwenye misuli ya kifua, kiwambo na koo. Mbwa huvuta pumzi nyingi, zoloto hufunga, shinikizo hupanda kifuani, kisha njia hufunguka ghafla na hewa hutoka kwa kishindo ikibeba ute pamoja na kile kilichowasha. Ikishaanza, mnyama hana uwezo wa kuizuia. Chafya ya mchezo huruka hatua ya kwanza. Ile pumzi ndefu ya kuvuta ndani haipo, au ni fupi mno. Hewa iliyokwisha kuwamo kifuani husukumwa puani kwa mkupuo mmoja. Ndiyo maana mbwa huweza kuitoa akiwa mbioni, bila kusita wala kufumba macho kwa muda.

Pua yenyewe ina umbo linalosaidia jambo hili kutokea. Ndani yake mna mifupa myembamba iliyojikunja, imefunikwa na utando wenye unyevu, na hewa hugawanyika inapopita humo. Mwaka 2010 Brent Craven, Eric Paterson na Gary Settles wa Chuo Kikuu cha Pennsylvania State, Marekani, walichapisha uchambuzi wa mwendo wa hewa uliofanywa kwa kompyuta juu ya umbo halisi la pua ya mbwa. Walionyesha kwamba mbwa anaponusa, asilimia 12 hadi 13 tu ya hewa anayoivuta huelekea sehemu ya nyuma inayohusika na harufu, na iliyobaki huteremka moja kwa moja mapafuni. Mbwa hunusa takriban mara 5 kwa sekunde. Kiungo kinachofanya kazi kwa kasi hiyo hukusanya uchafu upesi, hasa pale mnyama anaposukuma pua ndani ya mchanga mkavu wa chokaa au chini ya mwani uliotupwa ufukoni.

Kutokana na hali hiyo, maelezo ya kwanza ya chafya ya mchezo ni ya kimwili. Mbwa anayecheza hukunja ngozi ya juu ya pua, huvuta midomo nyuma, hupumua kwa pua na kwa mdomo kwa kupokezana, na huwa chini chini ambako mchanga unarushwa. Njia ya hewa hubanwa na kutekenywa, naye huisafisha kwa mpumuo mkali. Maelezo haya ni ya kweli kwa sehemu yake, lakini hayatoshi, maana mbwa hupiga chafya za namna hiyo hata pasipo mchanga wala mieleka.

Upande wa kusini mwa kisiwa, katika ardhi ya maweni, mbwa wana kazi. Wasasi wa vijijini huenda nao kuwasaka nguruwe mwitu wanaoharibu mashamba ya muhogo na viazi vitamu. Msasi anaposhika fimbo na kuwaita, mbwa waliokuwa wamelala huinuka, hujinyoosha, hujitikisa, hupiga miayo, na aghalabu mmoja wao hupiga chafya kabla hata hawajatoka uani. Hapo pua haijagusa vumbi la njia, wala hakuna aliyeumwa shingoni. Kilichopo ni msisimko wa kuondoka. Mbwa wa nyumbani anayeona bakuli la chakula likiinuliwa, au mwenye nyumba akichukua mnyororo wa kumtembezea, hufanya vivyo hivyo.

Kisa kilichochunguzwa vizuri zaidi kwa hesabu kinahusu msisimko wa namna hiyo hiyo, japo si wa mbwa wa kufugwa. Mbwa mwitu wa Afrika, Lycaon pictus, hayupo Unguja. Tanzania Bara anapatikana katika Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, Ruaha na Serengeti; huko Serengeti makundi yaliyokuwa yakifuatiliwa na watafiti yalitoweka mwaka 1991, na kazi ya kuwarudisha ikaanza 2012. Utafiti wa chafya zao ulifanyika Botswana, katika delta ya mto Okavango, kati ya 2014 na 2015, na matokeo yakatoka 2017 katika jarida la Royal Society ya Uingereza. Waandishi walikuwa Reena Walker, Andrew King, John McNutt na Neil Jordan.

Mbwa mwitu hupumzika kivulini kwa saa nyingi, kisha mmoja huinuka. Huwaendea wenzake, kichwa kikiwa chini, mdomo wazi, masikio yamelala nyuma, na wengine huanza kuamka na kusalimiana kwa vurugu kubwa ya kurukiana na kulambana. Mkusanyiko huo wakati mwingine huishia kwa kundi zima kuondoka kwenda kuwinda, na wakati mwingine huzimika, wote wakarudi kulala. Swali la watafiti lilikuwa moja: kitu gani kinaamua? Walifuatilia makundi 5 na kurekodi mikusanyiko 68. Kwa kila mmoja walihifadhi habari za aliyeanzisha, daraja lake kundini, waliojiunga, idadi ya chafya zilizosikika, na kama kundi liliondoka au halikuondoka.

Idadi ya chafya ilikwenda sambamba na kuondoka: kadiri zilivyokuwa nyingi, ndivyo uwezekano wa kundi kushika njia ulivyopanda. Hilo peke yake lingeweza kuelezwa kwa pua inayosafishwa kabla ya mbio. Jambo la pili halielezeki kwa wepesi huo. Dume au jike mkuu wa kundi aliposhiriki katika kuanzisha mkusanyiko, chafya kama 3 zilitosha kundi kuondoka. Alipoanzisha mbwa wa daraja la chini, zilihitajika kama 10. Vumbi halijui nani mkuu wa kundi na nani mdogo. Iwapo chafya ingekuwa kazi ya pua tu, kiwango kinachohitajika kisingepanda na kushuka kwa kufuata cheo cha aliyeanzisha. Watafiti wakaifananisha na akidi ya kikao: uamuzi haupiti mpaka idadi fulani itimie, na idadi hiyo huwa ndogo pale wakubwa wanapokuwa wamekwisha kuridhia.

Nguvu ya utafiti huu iko katika mpangilio wake. Hakuna aliyekisia anachowaza mbwa. Kilichohesabiwa ni sauti inayosikika na tukio linaloonekana, na uhusiano wa hivyo viwili ukapimwa huku daraja la mnyama likizingatiwa. Suala la kama kila mbwa hupiga chafya hiyo kwa kukusudia liliachwa nje ya hesabu, na ni sawa. Ishara haihitaji kusudi ili ifanye kazi. Inatosha itoke kwa wakati unaotabirika na wengine wabadilishe mwenendo wao kwa kuifuata. Kitendo cha mwili kilichozoeleka kutokea kabla ya safari, kwa sababu yoyote ile ya kimwili, kinaweza kugeuka habari kwa wanaokisikia.

Mbwa wa Jambiani na mbwa mwitu wa Okavango ni jamaa wa mbali, kwa hiyo matokeo ya upande mmoja hayahamishiki yalivyo kwenda upande wa pili. Mbinu lakini inahamishika, na kwa upande wa mchezo ipo kazi ya zamani zaidi ya kuiegemea. Mwaka 1995 Marc Bekoff wa Chuo Kikuu cha Colorado alichapisha uchunguzi wa mchezo wa mbwa, mbwa mwitu wa kaskazini na koyote. Alionyesha kwamba lile pozi la miguu ya mbele chini na makalio juu halitokei ovyo: hufanywa zaidi mara tu kabla au mara tu baada ya ng'ato inayoambatana na kutikisa kichwa, yaani ng'ato inayoweza kudhaniwa ni vita. Mnyama hutangaza kwamba kinachokuja, au kilichokwisha kupita, ni mchezo.

Chafya ya mchezo husikika katika nafasi hizo hizo, na hapo ndipo hoja ya ishara inapopata uzito. Ufuko unatoa njia nyepesi ya kuipima. Kama ni mchanga tu unaowasha, chafya ziwe nyingi katika mchanga mkavu wa juu wakati wa kaskazi na chache katika mchanga uliolowa, bila kujali mieleka ilikuwa mikali kiasi gani. Kama ni ishara, zirundikane baada ya ng'ato kali na kabla ya mchezo kuanza upya, na zitolewe mbwa akiwa amemwelekea mwenzake. Wanaofundisha mbwa wanaongeza ushahidi mwingine: mbwa anayezawadiwa kila anapopiga chafya ya namna hii hujifunza kuitoa kwa kuamriwa. Chafya ya mwasho haifundishiki hivyo. Sehemu ya kitendo hiki, basi, imo ndani ya uwezo wa mnyama mwenyewe.

Katika vichochoro vya Mji Mkongwe paka ni wengi na mbwa ni wachache, na wanaokutana na mbwa hao huwapisha. Katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Unguja, unyevu wa mbwa ni najisi nzito, na nguo iliyoguswa nao huoshwa mara saba, mara moja kati ya hizo kwa udongo. Hukumu hiyo ni ya tohara. Haimwondolei mbwa wa kusasa nafasi yake, maana mawindo yake yameruhusiwa katika Sura ya Al-Maida, aya ya 4. Anayemkwepa mbwa kwa ajili ya kanzu yake humtazama kwa mbali, na kwa mbali pua iliyokunjamana na meno yaliyotokeza huonekana kuwa ukali mtupu. Chafya husaidia kutofautisha. Mbwa mkali hukaza mwili, hutuliza mkia au kuutikisa kidogo ukiwa umesimama wima, hukodoa macho sehemu moja na kunguruma kwa sauti ndefu ya chini. Anayecheza huwa mlegevu, mgongo ukipindapinda, mwendo wake ni wa kurukaruka, na pumzi zake hukatizwa na chafya fupi. Wakati wa kujiandaa kuuma kweli, mbwa kwa kawaida hapigi chafya hizo.

Kichaa cha mbwa hakihusiani na chafya hizo. Virusi vyake hupita katika mate, hasa kwa jeraha la kuumwa, na kinga yake ni chanjo ya mbwa. Pemba imeonyesha jinsi chanjo inavyofanya kazi: ugonjwa ulikatika 2014, ukaingia tena kutoka Bara mwishoni mwa 2016, na kufikia Oktoba 2018 ulikuwa umekomeshwa baada ya chanjo ya kisiwa kizima kurudishwa.

Zipo sauti nyingine za pua zinazochanganywa na chafya ya mchezo. Moja ni mkoromo wa kuvuta hewa ndani kwa nguvu, shingo ikiwa imenyooshwa na viwiko vimetanuliwa, unaotokana na mkereketo wa nyuma ya kaakaa laini. Humtisha anayeuona kwa mara ya kwanza, lakini kwa kawaida hupita wenyewe katika muda usiozidi dakika moja au mbili. Nyingine ni chafya ya ugonjwa, ambayo haichagui wakati. Humjia mbwa akiwa amelala, hurudiwa siku nzima, na huambatana na kamasi nzito, kupangusa pua kwa mguu au damu. Kamasi au damu ikitoka upande mmoja tu wa pua, hushukiwa mbegu ya nyasi iliyokwama au jino lililooza. Kwa mbwa wanaozurura, damu ya upande mmoja huweza kuwa dalili ya uvimbe wa kuambukizana, ule unaojulikana zaidi katika sehemu za siri, ambao hupandikizwa puani mbwa anapomnusa au kumlamba mwenzake aliye nao. Uvimbe huo hutibiwa na daktari wa mifugo kwa sindano ya vinkristini mara moja kwa wiki, kwa wiki kadhaa, na mbwa wengi hupona kabisa.