Rangi ya Kufunika na Rangi ya Kupenya

Miongoni mwa maneno yanayotwishwa mzigo kupita kiasi katika lugha yetu ya ufundi ni neno "rangi". Wekundu wa ua ni rangi; kinachopakwa ukutani ni rangi; kinachotiwa katika ukili wa mkeka ni rangi; na kile kimiminiko chepesi ambacho seremala hukisugua kwa kitambaa ili mbao zipate weusi au wekundu bila ya kufichwa nyuzi zake, nacho pia huitwa rangi. Katika mazungumzo ya kila siku hakuna anayedhurika. Lakini katika kitabu cha mafunzo, katika maelezo ya ubavuni mwa kopo na katika mkataba, neno moja likibeba vitu vinne huzaa hasara.

Tuchukue mfano wa kabati lililokwisha tumika, likanunuliwa Dar es Salaam na kupelekwa Msimbu, wilayani Kisarawe, ili lifanywe jipya. Juu lina rangi nyeupe iliyoanza kubambuka. Chini yake pana mbao za mninga. Mwenye mali ataka uzuri wa mninga uonekane. Basi fundi hana budi kuikwangua rangi yote kuukuu, kupiga msasa kwa kufuata nyuzi za mbao, kwanza ulio mkali kisha ulio laini, kufuta vumbi, kusugua kile kimiminiko, kufuta kilichozidi, na kikisha kukauka apake vanishi nyembamba mara mbili au tatu. Akibakiza rangi ya kale mahali popote, kimiminiko hakitaingia hapo, na kabati litatoka na mabaka. Sasa fundi huyo apewe agizo la maandishi lisemalo: "Kabati lipakwe rangi ya kahawia." Atanunua kopo la rangi nzito, ataufunika mninga wote, naye atakuwa amelitimiza agizo neno kwa neno. Kosa ni la fundi au la mwandishi?

Ubishi wa namna hii si mdogo tena. Tangu marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama nchini Tanzania, maana ya neno lililoandikwa katika mkataba wa Kiswahili yaweza kuamuliwa mbele ya hakimu. Tena hasara huweza kuja kwa upande wa pili. Msonobari, kama ule unaovunwa katika mashamba ya Sao Hill wilayani Mufindi, ni mti wenye mbao nyeupe. Ukisuguliwa kimiminiko chekundu waweza kumdanganya mnunuzi asiye mzoefu akadhani ameletewa mninga. Ofisa anayepokea meza za shule, akiwa hana neno ila "rangi", ataandika nini katika taarifa yake? Asiye na jina la hila hawezi kuishtaki.

Wafasiri wetu, wakikutana na kitu hiki katika maandishi ya Kiingereza, aghalabu hushika mojawapo ya njia mbili. Wengine hufungua kamusi, wakakuta "doa", wakaandika kwamba mbao zitiwe madoa. Hayo ni maafa, kwani doa kwa Mswahili ni uchafu na ni aibu. Hakuna amlipaye fundi ili amtilie doa. Wengine hulichukua neno la kigeni zima zima na kulivika irabu. Sisi hatuna chuki na mkopo. "Rangi" yenyewe ina asili ya Kiajemi, "meza" ni ya Kireno, "kabati" na "vanishi" ni za Kiingereza, na zote zimekwisha kuwa zetu. Ila mkopo una haki pale ambapo lugha imenyamaza, na hapa lugha haikunyamaza.

Yawezekana mtu akadhani kwamba vitenzi "kutia" na "kupaka" vyatosha: ukili hutiwa rangi, ukuta hupakwa. Hoja hiyo ina uzito, lakini hina yaipinga. Hina hupakwa, kisha huondolewa, na rangi yake hubaki mwilini. "Kupaka" basi ni tendo la mkono. Halituambii rangi imefanya nini. Wengine watapendekeza "rangi ya kukolea". Neno ni tamu, lakini tayari lina kazi nyingine: kahawia iliyokolea ni kahawia nzito, na kimiminiko cha seremala chaweza kuwa hafifu.

Kwa hiyo twapendekeza tofauti ifuate kile ambacho rangi yenyewe hufanya. Iliyo nzito, ibakiayo juu na kuficha mbao, iitwe "rangi ya kufunika". Iingiayo ndani na kuziacha nyuzi zionekane iitwe "rangi ya kupenya". "Vanishi" ibaki kwa kile kinachong'arisha na kukinga. Maneno haya ni mepesi, na mwanafunzi akiyasikia hujua papo hapo la kufanya. Ndivyo maseremala wenyewe walivyofanya kwa neno "msasa". Msasa ni mti ambao majani yake yanakwaruza, yakatumiwa kulainishia mbao. Karatasi ya kiwandani ilipokuja, ilipewa jina la jani, kwa sababu kazi ilikuwa ile ile.

Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa liundwe kwa sheria ya mwaka 1967, usanifishaji umefaulu zaidi pale istilahi ilipotumiwa kabla ya kusifiwa. Walimu wa ufundi na wafasiri wayajaribu maneno haya karakanani na vitabuni. Maofisa nao, badala ya "lipakwe rangi", waandike hivi: "Rangi yote ya kale ikwanguliwe, mbao zisuguliwe rangi ya kupenya, kisha zipakwe vanishi mara mbili." Fundi wa Msimbu atakielewa kifungu hicho bila ya mkalimani, na hakimu pia.