Kitabu cha Ng'ambo ya Ghuba

Sisi wa Mkoa wa Mara, yakizuka mazungumzo ya vitabu, hatukawii kumtaja Mwalimu. Ni haki yetu. Mwana wa Butiama ndiye aliyemfundisha Shakespeare kusema Kiswahili: mwaka 1963 alitoa tafsiri yake ya mchezo wa Juliasi Kaizari, na mwaka 1969 akatoa Mabepari wa Venisi. Lakini katika miaka hiyo hiyo, ng'ambo ya Ghuba ya Speke, mzee mwingine alikuwa ameinamia kazi ya kutafsiri. Huyu hakuwa na kitabu cha Mwingereza mbele yake. Alikuwa akitafsiri kitabu chake mwenyewe kutoka Kikerewe kwenda Kiswahili, kwa sababu kwa zaidi ya miaka ishirini hakupatikana mtu wa kukichapa katika lugha aliyokiandikia. Jina lake Aniceti Kitereza. Hapa Kitaji ninapoishi, watu wanaoweza kunieleza habari za Shailoki na ratili yake ya nyama ni wengi. Wanaoweza kunieleza habari za Myombekere na mkewe Bugonoka nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja.

Umbali hauwezi kuwa udhuru. Mtu akitoka Musoma, akapita Bunda, akashika njia ya Kibara hadi Kisorya, amebakiza kuvuka maji tu kufika Rugezi, naye yupo Ukerewe. Samaki ni wale wale tunaokula sisi, na mihogo ni ile ile. Kikerewe si Kijita wala Kikwaya, lakini ni lugha jirani, na msomaji wa kwetu atakutana na desturi nyingi ambazo bibi yake angezitambua bila kuelezwa.

Huwa tunadhani kwamba fasihi ya kale ya Kiswahili ni mali ya pwani peke yake. Tukitaka ya zamani tunakwenda Mombasa kwa Muyaka bin Haji, aliyefariki mwaka 1840, au kwa Mwana Kupona, aliyemtungia binti yake utendi wa mawaidha mwaka 1858. Hao ni wakubwa, na heri mtu awasome. Lakini sisi wa bara tumejizoeza kuamini kwamba wazee wetu hawakuacha kitu cha kusomwa, kwamba walikuwa na hadithi za kando ya moto zilizokwisha pamoja na moto wenyewe. Kitabu cha Kitereza kinatukanusha. Kinazungumzia maisha ya kisiwani kabla Wazungu hawajaja, na aliyekiandika alizaliwa mwaka 1896, akalelewa na watu walioyaishi maisha hayo.

Kitereza alikuwa mjukuu wa Mtemi Machunda wa Ukerewe. Alisoma katika misheni ya Kagunguli, kisha akapelekwa seminari ya Rubya, upande wa Bukoba, mwaka 1909, akakaa huko miaka kumi akijifunza Kilatini na elimu nyingine za mapadri. Hakupadrishwa. Mwaka 1919 alirudi nyumbani na kumwoa Anna Katura. Walipata watoto, lakini hakuna aliyeishi. Kwa desturi ya wakati ule ndugu wangetazamia aoe mke mwingine. Hakuoa. Alikaa na Anna. Padri mmoja Mkanada, Almas Simard, alimhimiza aandike mambo ya kwao kabla hayajasahauliwa, na mwaka 1945 Kitereza alikamilisha kitabu ambacho kwa Kiswahili kinaitwa Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka na Ntulanalwo na Bulihwali. Kilikaa bila kuchapishwa. Mwishoni mwa miaka ya 1960 wataalamu wawili kutoka Marekani, Gerald na Charlotte Hartwig, walifika Ukerewe kwa utafiti, wakamshauri akitie katika Kiswahili. Tanzania Publishing House ilikitoa mwaka 1980, kikiwa kimepigwa chapa China. Mwandishi alifariki mwaka 1981.

Hadithi yenyewe inaweza kuelezwa kwa maneno machache. Myombekere na Bugonoka wameoana na wanapendana, lakini hawana mtoto. Ndugu wa mume wanamsema mke maneno makali, na wazazi wake wanamchukua wakamrudisha kwao. Mume anabaki peke yake katika nyumba isiyo na mpishi wala mzungumzaji. Anakwenda ukweni kuomba mkewe. Wakwe wanamtoza faini ya pombe ya ndizi. Analipa, anamrudisha mkewe, wanatafuta mganga, na baada ya matibabu wanapata mtoto wa kiume, Ntulanalwo, na baadaye wa kike, Bulihwali. Kitabu kinaendelea na maisha ya watoto hao hadi wazee wanapofariki.

Wapo wanaosema kwamba hii si riwaya, ila ni kitabu cha mila kilichovishwa majina ya watu. Lawama hiyo ina msingi. Mwandishi hapiti penye kazi bila kuieleza. Watu wakisalimiana, salamu zinaandikwa hadi mwisho. Mtu akiugua, tunaambiwa habari za dawa. Wakilima, wakivua, wakipika, tunasimama nao hadi kazi iishe. Msomaji aliyezoea riwaya za siku hizi, ambazo mtu huingia mlangoni na kufa katika ukurasa wa pili, atachoka mapema. Hata Kiswahili chenyewe kina mwendo wa Kikerewe ndani yake, na mara nyingine sentensi inazunguka kabla ya kufika.

Hata hivyo, nadhani wanaolalamika hawajatazama vizuri ni wapi mwandishi ameweka uzito wake. Chukua hiyo faini ya pombe. Mtunzi mwingine angeandika kwamba Myombekere alilipa pombe akapewa mke wake, tukaendelea. Kitereza hafanyi hivyo, naye ana sababu. Pombe ya ndizi haitoki dukani. Lazima uwe na ndizi za kutosha, au uwe na watu wa kukupa. Ndizi zivundikwe mpaka ziive, zimenywe, zikamuliwe kwa nyasi, maji yake yatiwe unga wa nafaka na kuachwa yachachuke. Kila hatua ina siku zake na huwezi kuiharakisha. Mtu mmoja haiwezi kazi hiyo, hasa mwanamume ambaye mkewe hayupo. Kwa hiyo faini inamlazimisha Myombekere kuonyesha mambo mawili: kwamba anaweza kungoja, na kwamba wapo watu walio tayari kushika kazi kwa ajili yake. Wakwe wanataka kujua kama binti yao atarudi katika nyumba yenye watu au katika nyumba ya upweke na masimango. Maelezo ya pombe ndiyo hukumu ya kesi. Ukiyaruka, umeiruka hadithi.

Niliyafahamu haya kwa msaada wa shangazi yangu, ambaye sasa ni marehemu. Aliolewa kijiji cha jirani akiwa msichana. Miaka minne ilipita bila mtoto, wakaanza kumsema, na siku moja akarudi kwetu na sanduku lake. Ng'ombe walirudishwa baadaye. Hakuna aliyemfuata. Alilima shamba lake, akalea watoto wa kaka zake, mimi nikiwa mmojawapo. Uzeeni, macho yake yalipokuwa yamekwisha nguvu, nilimsomea sehemu za mwanzo za kitabu hiki jioni baada ya jioni. Tulipofika pale Myombekere anapokwenda ukweni, alinisimamisha.

"Alikwenda mwenyewe, au alituma watu?"

"Alikwenda mwenyewe, shangazi."

Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu, soma."

Tulipofika kwenye pombe nilidhani atasinzia. Badala yake akawa anauliza maswali: ndizi zilitoka katika shamba la nani, nani alisaidia kukamua, nani alibeba mitungi. Maelezo ambayo wahakiki wanayaita marefu, yeye aliyaona bado hayatoshi. Alikuwa akihesabu gharama. Alitaka kujua hasa mwanamume mmoja alikuwa tayari kutoa nini ili mke asiye na mtoto arudi nyumbani.

Hapo ndipo ninapoona ukubwa wa Kitereza. Myombekere anamfuata mkewe wakati hana ahadi yoyote ya mtoto. Mganga bado hajapatikana, dawa bado haijachimbwa, na ndugu zake bado wanasema yale yale. Anamtaka Bugonoka mwenyewe. Katika jamii ambayo mwanamke alipimwa kwa tumbo lake, na tusijidanganye kwamba kipimo hicho kimetupwa, hilo ni neno zito, na mwandishi amelisema bila mahubiri.

Lakini lipo swali ambalo msomaji mwaminifu hawezi kulikwepa. Mwishowe watoto wanakuja. Je, mwandishi hakuwapa ushindi wale wale waliomtukana Bugonoka? Kama mke asiye na mtoto ni mke kamili, mbona hadithi haikuthubutu kumwacha bila mtoto? Nimelifikiria swali hili miaka mingi, na jibu langu si la kumtetea mwandishi moja kwa moja. Ni kweli kwamba kitabu kinaona kuzaa kuwa ndiyo heri ya nyumba. Bugonoka hapati amani ya kweli mpaka aitwe mama. Shangazi yangu aliposikia habari za kuzaliwa kwa Ntulanalwo hakufurahi kama nilivyotazamia. Alisema tu, "Huyo amepata." Neno "huyo" lilinikaa moyoni. Kitabu kilikuwa kimekwenda naye mpaka mahali fulani, kisha kikamwacha.

Upande wa pili wa mizani tumweke mwandishi mwenyewe. Aliyeandika furaha hiyo alikuwa mtu aliyezika watoto wake. Aliwapa Myombekere na Bugonoka kile ambacho yeye na Anna hawakubaki nacho, na aliwapa bila uchungu na bila kijicho. Majina ya watoto aliowabuni yana msiba ndani yake, la mmoja likikumbusha kifo na la mwingine likiuliza huzuni itakwisha lini. Basi hata furaha ya kitabu hiki haikusahau. Mimi naona Kitereza alisema mambo mawili kwa njia mbili: katika kitabu alisema mtoto ni heri kubwa, na katika maisha yake alionyesha kwamba ndoa inaweza kusimama bila heri hiyo. Ingekuwa vema zaidi kama la pili nalo lingepata kitabu chake. Halikupata, na pengo hilo tulione.

Ipo kasoro nyingine. Karne ya 19 haikuwa ya utulivu katika Ukerewe. Biashara ya masafa marefu, ya pembe na ya watumwa, ilifika ziwani, na Gerald Hartwig aliandika kitabu kizima cha historia juu ya jambo hilo, kilichotoka mwaka 1976. Katika riwaya ya Kitereza mambo hayo hayachukui nafasi kubwa. Huenda mjukuu wa mtemi alipenda kuikumbuka nchi ikiwa safi kuliko ilivyokuwa. Lakini tumpe na sifa yake: aliyezaliwa katika ukoo wa watawala aliandika juu ya mkulima na mkewe, na wala si juu ya babu yake.

Kuhusu safari ya kitabu baada ya mwandishi kufa, wageni walikithamini mapema kuliko sisi. Wilhelm Möhlig alikitafsiri kwa Kijerumani, kikatoka kwa sehemu mbili, mwaka 1991 na mwaka 1993. Kifaransa kilifuata. Mwaka 2002 Mkuki na Nyota wa Dar es Salaam walitoa tafsiri ya Kiingereza ya Gabriel Ruhumbika, mwandishi ambaye naye ni Mkerewe, aliyerudi kwenye maandishi ya awali ya Kikerewe badala ya kutegemea Kiswahili. Kwa hiyo mtu wa Cologne anaweza kumfahamu Myombekere kabla ya mtu wa Bunda. Sisemi hivyo kwa kuwaonea wivu Wajerumani. Nasema hivyo kwa sababu kitabu hiki kinazungumzia mambo yanayoamuliwa katika vikao vya ukoo wetu kila mwaka: mke arudishwe au asirudishwe, mahari irejeshwe au isirejeshwe, nani aende kuomba na aende na nini. Mjerumani anakisoma apate kujua habari za watu wa mbali. Sisi tungekisoma tukiwa na kesi mkononi.

Ndugu msomaji, ukikipata kitabu hiki, usianze na moyo wa kutaka kukimaliza haraka. Soma kidogo kidogo, na kama nyumbani kwako yupo mzee anayependa kusikiliza, msomee kwa sauti, kwa maana salamu zile ndefu zinakuwa tamu zikisikika. Usimwamini anayekuambia kwamba ni kumbukumbu za mila tu. Na ukifika penye ndizi zinazovundikwa kwa ajili ya Bugonoka, usiruke hata ukurasa mmoja.