Sauti Nne, Ukuta Mmoja

Mgeni wa opera mara nyingi huelekezwa kwenye nyimbo mashuhuri, moja moja. Mimi ningemkalisha asikilize sehemu ya tatu, ile ya mwisho, ya Rigoletto ya Giuseppe Verdi, iliyoonyeshwa mara ya kwanza Venice mwaka 1851. Ni nusu saa na ushei tu.

Kwanza ajue kisa, maana bila kisa muziki utampita. Rigoletto ni mchekeshaji wa Mtawala wa Mantua, mtu wa kibiongo na ulimi mkali. Binti yake wa pekee, Gilda, amemficha watu wasimwone, lakini Mtawala amempata na kumhadaa. Baba anamlipa muuaji, Sparafucile, ammalize Mtawala usiku kwenye kilabu cha pombe kando ya mto. (Katika tamthilia ya Victor Hugo iliyozaa kisa hiki, mkosaji ni mfalme wa Ufaransa. Waaustria waliotawala Venice wakati huo hawakuruhusu mfalme aonyeshwe hivyo.)

Ndani ya kilabu, Mtawala anambembeleza Maddalena, dada wa muuaji. Nje, Rigoletto amemleta Gilda achungulie kwenye ufa wa ukuta, ajionee. Kisha wote wanne wanaimba kwa wakati mmoja. Kwenye mchezo wa kuigiza wa kawaida, watu wanne wakisema kwa mpigo ni kelele. Hapa husikii kelele. Mtawala, sauti ya teno, anatandaza wimbo mrefu na laini wa mtu asiyezoea kunyimwa. Maddalena anamjibu kwa noti fupi za haraka, kicheko kilichotiwa mizani. Sauti ya Gilda inakatikakatika kwa kwikwi, halafu inapanda juu ya zote. Chini yao baba anadondosha maneno machache mazito: kulia hakusaidii, kisasi niachie mimi.

Waimbaji wa kwaya wanazijua vizuri sauti nne zinazoimba neno moja. Verdi amezipa sauti nne nyoyo nne, na bado zinapatana. Ningeshauri kipande hiki kirudiwe mara nne, kila mara sikio likimfuata mtu mmoja tu. Ukimfuata Gilda peke yake, utashangaa jinsi utamu wa wimbo wa Mtawala unavyogeuka mateso.

Na hakuna maikrofoni. Waimbaji, hasa wanaume, hujifunza kwa miaka mingi kulitengeneza koo na kinywa ili nguvu ya sauti ikusanyike kwenye mitetemo ya karibu 3,000 kwa sekunde, mahali ambapo okestra imepungukiwa nguvu. Ndiyo maana kifua cha mtu mmoja husikika juu ya ala zaidi ya hamsini.

Kisha dhoruba inaingia. Upepo wake ni wanaume wa kwaya nyuma ya jukwaa, wakivuma vinywa vimefumbwa. Gilda amesikia kuwa Maddalena amemwombea Mtawala, na kwamba atauawa mtu mwingine yeyote atakayebisha hodi kabla ya saa sita usiku. Anabisha yeye, amevaa kiume.

Rigoletto anakabidhiwa gunia. Anajitapa, yuko tayari kulitosa mtoni, mara kwa mbali anasikia Mtawala akiimba wimbo uleule alioimba pale kilabuni kabla ya sauti nne kuungana. Wapo wanaoudharau wimbo huo kwa wepesi wake. Nadhani hawajautendea haki. Ilibidi uwe mwepesi kiasi cha kumnasa msikilizaji mara moja, kwa sababu usiku huu Rigoletto na ukumbi mzima lazima wautambue kwa sekunde ileile, naye baba aelewe bila mtu kueleza lolote: aliye ndani ya gunia si Mtawala.

Baada ya hapo msikilizaji arudi mwanzo kabisa. Noti moja inayorudiwa na tarumbeta na tromboni kabla pazia halijafunguliwa ndiyo noti ya laana. Anayeitoa laana hiyo ni mzee Monterone, baba mwingine aliyeharibiwa binti na Mtawala huyohuyo, na aliyemcheka kwa uchungu wake ni Rigoletto.