Jiko ni Matundu

Fundi mmoja wa Chiwata, kusini mwa Tanzania, alinifundisha kulipima jiko kwa kijiti. Hakuligonga kusikia linavyolia, wala hakuliinua kujua uzito wake. Aliwasha kijiti cha mkorosho, akakisogeza kwenye mlango wa jiko, akatulia. Ulimi wa moto ukalala, ukaelekea ndani kama mtu aliyeitwa. "Linavuta," akasema, akakikanyaga kijiti kikazimika. Kazi ya siku nzima ilikuwa imekubaliwa.

Tangu siku hiyo silitazami tena jiko la kuni kwa macho yaleyale. Kuwaka si sifa, maana hata takataka huwaka. Sifa ya jiko ni kuvuta, na kinachovuta ni ule uwazi ambao fundi ameuacha ndani ya bati.

Figa moja haliinjiki chungu, walisema wahenga, na mafiga matatu yametulea sote. Lakini mafiga ni ya mtu aliyetulia nyumbani. Ikifika Oktoba na korosho kuanza kudondoka, familia nyingi za Masasi na Newala huhamishia maisha yao shambani: kuokota, kutenganisha korosho na mabibo, kuanika. Huko viazi pori vya ming'oko huchemshwa na ugali wa muhogo husongwa penye majani makavu, na cheche moja ikichukuliwa na upepo inaweza kuteketeza mikorosho iliyopandwa na babu. Jiko la bati lenye mkono wa waya humfuata mwenye shamba, na moto wake hukaa ndani.

Bati la majiko hayo lilianza kama chombo cha maji, kwa maana uwanda wa juu wa Makonde una historia ndefu ya kiu. Udongo wake wa kichanga hunywa mvua yote, na maji huja kuonekana chini, kwenye miteremko na mabondeni. Kabla mradi wa maji wa Makonde haujaanza kuyasukuma juu katika miaka ya 1950, wanawake waliteremka kuyafuata na kupanda nayo kichwani. Debe moja ni karibu lita 20, yaani karibu kilo 20 za maji shingoni. Debe likitoboka halikutupwa. Fundi alilifungulia mlango ubavuni, akalitoboa matundu, akalitia chaga, na chombo kilichokuwa kikipandisha maji kikawa cha kubebea moto. Leo ndoo ya plastiki imeshika nafasi ya debe, na fundi hutafuta mapipa ya mafuta ya lita 200 na makopo ya rangi.

Fundi wangu hufanyia kazi chini ya mwembe. Fuawe lake ni kipande cha reli, na huku kusini kipande cha reli kina habari yake: njia ya treni iliyojengwa kutoka Mtwara kwa ajili ya mradi wa kilimo cha karanga wa enzi za ukoloni ilifungwa mwaka 1962. Treni hazikurudi, lakini hapa chuma cha reli bado kina kazi.

Kwanza pipa huchomwa moto mahali pa wazi mpaka rangi na mafuta viishe. Bati la paa fundi hulikwepa, kwa kuwa limepakwa zinki, na zinki ikiungua hutoa moshi mweupe unaoumiza kifua. Kisha huchora duara kwa misumari miwili na uzi, hukata kwa tindo na mkasi wa bati. Ukingo mmoja huukunja kwenda juu, wa pili kwenda chini, huupachika mmoja ndani ya mwingine na kuugonga hadi ulale, kama vidole vilivyofumbatana. Hakuna kuchomelea. Mkebe mdogo huingia ndani ya mkubwa, na nafasi iliyo kati yao hujazwa majivu ili joto lisitoroke pembeni. Mlangoni huweka kipande cha bati kilicholala: kuni hupita juu yake, hewa chini yake. Mwisho ni vijino vitatu mdomoni, vya kuinua sufuria kiasi cha unene wa kidole ili moto upate pa kupitia.

Matundu ndiyo yanayomtambulisha fundi. Tundu la hewa likiwa dogo, moto hukabwa na moshi humrudia mpishi machoni. Likiwa kubwa mno, upepo hupooza moto na kuni huisha bure. Mwaka 1982 Mmarekani Larry Winiarski alizipanga kanuni za namna hii katika jiko linaloitwa leo jiko la roketi: chumba kidogo cha moto, bomba fupi lililozungushiwa kinga ya joto, kuni zinazoungua kwa ncha. Kanuni zinaandikika. Lakini mkono unaojua wapi pa kuacha kukata hupatikana kwa kuharibu mabati mengi mbele ya mzee asiyesema sana.

Serikali imeweka lengo kwamba ifikapo mwaka 2034 asilimia 80 ya Watanzania watumie nishati safi ya kupikia. Naliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu moshi umewaumiza mama zetu vya kutosha. Ila mtungi wa gesi ni mzigo kuufikisha shambani, na safari ya kulifikia lengo hilo ni ndefu. Katika safari hiyo, jiko linaloridhika na matawi yaliyopogolewa, bila kuangusha mti, ni msaada wa kweli, na anayelitengeneza ni mtaalamu kama wataalamu wengine.

Basi ukimkuta fundi bati barabarani, usianze kwa kumwomba akupunguzie bei. Mwombe kijiti, kiwashe, kisogeze mlangoni mwa jiko. Ulimi wa moto ukielekea ndani, mlipe anachostahili.