Pongezi kwa Waandishi wa Linux

Tangu Linus Torvalds alipoianzisha Linux, kiini cha mfumo endeshi wa kompyuta, huko Helsinki mwaka 1991, maelfu ya mafundi wa programu, wengi wao wasiopata kuonana uso kwa uso, wamedumu kuiandika, na leo huifuata kaida moja: kifungu cha amri kiwe kifupi, kitende jambo moja tu, na kila badiliko liambatane na maelezo ya sababu yake na jina la mwandishi, likaguliwe na wenziwe ndipo likubaliwe. Wapo waionao adabu hii kuwa usumbufu (na wakaguzi wengine, kwa hakika, wana ulimi mkali), lakini atakayeirithi kazi hiyo ataisoma, ataifahamu na kuirekebisha pasipo kumtafuta aliyeiandika. Wanastahiki shukrani zetu, maana kila simu ya Android huendeshwa kwa kazi yao.