Harufu ya Neno: Juu ya Jina la Kitabu cha Karanga

Mwaka 1950 Alan Wood, aliyewahi kufanya kazi ya habari katika shirika lililoendesha kilimo kikubwa cha karanga Tanganyika, alichapisha kitabu juu ya kilimo hicho, akakiita The Groundnut Affair. Mwanafunzi wa Kiingereza wa Chinongwe, huko Ruangwa, jirani na mashamba yale ya Nachingwea, akifungua kamusi atapewa "jambo" au "shughuli". Ataandika "Jambo la Karanga". Maana ataipata, harufu itampita.

Waingereza walipouanzisha mradi ule mwaka 1947 waliuita "scheme", neno safi la ofisini kwao, ingawa mtu akipewa sifa itokanayo nalo huwa ni mjanja wa hila. Wood aliliweka kando, akashika "affair". Neno hili katika wingi hukaa barazani kwa heshima, pamoja na mambo ya nchi za nje. Likiwa moja, likafuatana na jina la kitu, hunong'ona kwamba pana aibu. Ndilo pia litajalo mapenzi ya siri, yale tuyaitayo "mpango wa kando".

Basi tulifasirije? "Sakata" lina kelele za bunge na magazeti, nalo lamfaa msomaji wa London. Huyo kilichomuuma ni fedha: kiasi cha pauni milioni 36 zilizofutwa vitabuni mradi ulipovunjwa mwaka 1951. Lakini Nachingwea msitu ulifyekwa, reli ikaletwa kutoka pwani, na katika miaka ya 1960 reli hiyo ikang'olewa. Kwa wenyeji waliobaki na tuta lisilo na treni, neno lililo karibu na moyo ni "mkasa".

Hata hivyo, mkasa humfika mtu kama mvua, pasipo wa kuulizwa. Sakata lina wahusika, na wahusika huitwa wajieleze. Kwa hiyo ningeandika "Sakata la Karanga", kelele zake nikizivumilia, kwani tafsiri isiyomtaja mtenda huwa na huruma kuliko kitabu chenyewe. Ajifunzaye lugha ya watu, akishajua maana ya neno, na aulize tena: hutamkwa na nani, na likitamkwa ni nani ainamishaye uso?