Pongezi kwa Maktaba ya Ngamia

Mtu akaaye Liboi, mlangoni mwa Somalia, ambaye burudani yake ni kukata bati la mkebe wa maziwa na raba ya ndala kuukuu hata akapata kigari cha vita cha kutosha kiganjani, ana haja ya tarikhi kuliko ya mkasi. Kwani mkono waweza kuumba gurudumu, lakini idadi ya magurudumu na umbo la deraya hukaa vitabuni. Mimi nililipachika magurudumu sita gari la Marmon-Herrington, lile la askari wa Afrika Kusini walioingia Somalia kutoka Kenya mwezi wa Februari 1941, Kismayu ilipotwaliwa, mpaka picha ya kitabuni ikanifedhehesha: yalikuwa manne tu.

Kwa hiyo naitolea taadhima maktaba ya ngamia, iliyoanzishwa Garissa mwaka 1996 na Huduma ya Maktaba za Taifa, ambayo wanyama wake, mmoja akichukua masanduku ya vitabu na mwingine hema, huwafuata wafugaji na watoto wao pasipofika gari. Vingi ni vya shule, wala sidai kwamba vita ndiyo hazina yake. Hivyo vya vita nilivifuata makaoni mwake, mjini Garissa.

“Wataka vita gani, mzee?” akauliza mkutubi.

“Vya Keya, maalim, vile vya pili vya dunia.”

Akanitolea *Utenzi wa Vita vya Uhuru* wa Shaaban Robert. Kwa magurudumu haukunifaa kitu, lakini nilikesha nao, na gundi ikakaukia mkebeni.